Nimeshatuma maombi, ndipo matokeo yakatoka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, Novemba. Tarehe 1 Januari nikaomba vyuo sita vya Marekani kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi, kwa alama za shule tu. Sasa matokeo yametoka, nimepata A-. Pia wiki mbili hizi nafundisha watoto wa jirani hisabati. Halafu nimegundua kwenye insha nilikosea jina la kijiji cha mjomba. Niwaandikie yote hayo?
Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Hiyo A- ndiyo habari, ipeleke leo. Hayo mengine tulia nayo.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Mwaka niliopeleka maombi yangu nilituma barua pepe tano kwa chuo kimoja: cheti cha mbio, cheti cha kwaya, hata picha. Nikajibiwa mstari mmoja: faili lako limekamilika, tafadhali subiri. Masikio yaliniwaka.

Kila chuo ulichoomba kimekutumia namba ya kuingilia kwenye ukurasa wako wa mwombaji. Ingia, uangalie kilichofika na ambacho bado. Kama pana sehemu ya kupakia nyaraka, weka hati ya matokeo hapo. Kama hapana, mwandikie ofisa anayeshughulikia waombaji wa Afrika, sentensi tatu basi: wewe ni nani, umepata nini, na kwamba shule itatuma nakala rasmi. Halafu kamwone mwalimu aliyejaza fomu zako aitume kweli; wengi husahau. Chuo kikisema hakitaki nyongeza, kitii. MIT, chuo cha Marekani ambacho hakimo kwenye Common App, kina fomu yake ya Februari kwa habari kama hizi.

Insha iliyokwenda imekwenda, kwa vyuo hivyo haifunguki tena. Iache. Mjomba asipoiona, nani ataiona? Na wanafunzi wa wiki mbili bado hawajawa habari. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri mwishoni mwa Machi, yaani hujakubaliwa wala hujakataliwa, hapo utakuwa umewafundisha miezi. Kiandikie chuo watoto hao wamefika wapi, na kama bado unakitaka.

Kabla hujatuma, tazama jina. Hati ya KCSE ikiwa na majina matatu na fomu ikiwa na mawili, taja yote kwenye ujumbe, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, wasije wakaiweka A- yako kwenye faili la mtu mwingine.