Nacheza gemu usiku na uzito unapanda, nifanyeje?

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wapenda gemu. Ya kwanza ni ndefu lakini nimeiacha kama ilivyo, najua kuna wengi wataisoma na kuona kama wameiandika wao.

SWALI: Kocha shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 24 niko Tabata, Dar. Mchana nauza duka la spea za pikipiki nakaa kwenye kiti tangu asubuhi, usiku nikirudi nawasha PS (PlayStation) nacheza mpira onlaini na washkaji kuanzia saa tatu mpaka saa saba au nane kwa sababu bando la usiku ndo la bei nafuu. Urefu wangu sentimita 172, juzi nimepima nimekuta kilo 96, wakati namaliza fomu foo nilikuwa na 70 tu. Kitambi kimetoka, nikiinama kufunga viatu nahema. Mama anasema niuze PS ndo nitapungua. Mshkaji wangu anasema nipige sitapu 100 kila siku na ninywe maji ya limao na tangawizi kabla ya kulala. Kwakweli gemu naipenda na sitaki kuiacha. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. PS usiuze. Mama ana haki ya kuwa na wasiwasi maana anakuona unavyobadilika, ila ukiuza PS alafu ukabaki na kile kiti cha dukani, ile soda, ile zege (chipsi mayai) ya saa sita usiku na ule usingizi wa masaa manne tu, kilo zitakaa palepale. Kuna kitu hukukiandika kwenye barua lakini nina uhakika kipo, yani kile kinachokaa pembeni ya padi ya kuchezea, unachokula na kunywa wakati macho yako kwenye skrini. Hapo ndo pa kuanzia.

Kwanza tuione hali yenyewe. Chukua kilo zako 96 ugawanye kwa urefu wako wa mita ukiuzidisha kwa wenyewe, 1.72 mara 1.72, unapata kama 32. Kuanzia 25 tunasema uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kwa hiyo upo kwenye eneo la kuchukua hatua, na kabla ya kitu chochote nenda kituo cha afya upime presha na sukari, hasa kama nyumbani kuna mtu mwenye kisukari. Hilo lisisubiri upungue kwanza.

Sasa kuhusu gemu na tumbo. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichukua vijana wa kiume 22, siku moja wakawaweka wacheze gemu saa nzima, siku nyingine wakawaacha wapumzike tu kwenye kiti muda huohuo, kisha wakawapa chakula wale wanavyotaka wenyewe. Baada ya gemu walikula zaidi, kama kalori 80 hivi, na walipoulizwa kuhusu njaa hawakusema wana njaa zaidi. Umeona hapo? Mwili haukuomba. Mkono tu ulienda. Na wewe hukai saa moja, unakaa nne au tano, na kibanda cha chipsi kiko hapo nje bado kimewasha jiko.

Anza na soda. Ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, ni vijiko vya chai kama 12, kalori zake ni kama 200. Kwa uzito wako, kuzichoma hizo unahitaji kutembea kwa haraka kama nusu saa. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku nzima kwa mtu mzima, na wanapendelea iwe nusu yake, kwa hiyo chupa moja tu umemaliza siku, na chai ya asubuhi bado hatujaihesabu. Enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ndo usiseme, nyingi zina sukari karibu sawa na soda alafu zina kafeini, na kafeini inachukua kama saa tano ndo nusu yake itoke mwilini, ukiinywa saa nne usiku saa tisa bado iko kazini wakati wewe unajigeuza kitandani. Weka chupa ya maji lita moja pembeni ya TV. Nikilazimika kuchagua badiliko moja tu kwenye barua hii yote, ningechagua hili, na ningekusihi ulianze leo usiku.

Zege sikukatazi maisha yote, ni chakula kitamu na mayai yana faida yake, tatizo ni mafuta yaliyonyonywa na vile viazi na saa unayokula. Kula chakula cha maana saa moja au mbili usiku kabla ya mechi ya kwanza, ugali kiasi cha ngumi yako, maharage au dagaa au samaki, na mboga za majani, mchicha, matembele, zijaze nusu ya sahani kabisa. Ukishiba hivyo njaa ya saa sita inapungua sana. Ikikubana kweli, kuna yule muuza mayai ya kuchemsha anapita na kachumbari, chukua mawili ule na PS ukiwa umeipozi, yani umeisimamisha kwanza. Nasema tena, uipozi. Usile na padi mkononi.

Usingizi watu hawauamini lakini mi nauweka juu kuliko hata mazoezi kwenye hatua hii. Ukilala pungufu, homoni ya njaa inapanda na ile ya kukwambia umeshiba inashuka, kesho yake unatamani vitamu na mafuta tu, na mwili umechoka hutaki hata kupanda ngazi. Mtu mzima anahitaji saa saba na kuendelea. Najua bando la usiku, naelewa hela haiko nyingi, ila kubalianeni na washkaji mechi ya mwisho iwe saa tano, na zile ndefu mziweke Jumamosi.

Mazoezi sasa. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Zamani walikuwa wanasema lazima ufululize angalau dakika kumi ndo ihesabike, hilo wameliondoa, hata dakika mbili zinaingia kwenye hesabu. Hii kwa mchezaji gemu ni habari nzuri sana kwa sababu gemu yenyewe imejaa mapengo, kuna halftaimu, kuna kusubiri mpinzani apatikane, kuna kulodi. Kila mechi ikiisha simama, piga skwoti kumi, mechi inayofuata pushapu za kuegemea ukuta, inayofuata tembea mpaka nje urudi. Ukicheza mechi nane umeshafanya kitu cha maana bila kutenga muda wowote, na kule kukatisha mkao tu kunasaidia sukari ya damu baada ya kula. Dukani hivyohivyo, mteja akiondoka usirudi kwenye kiti mara moja. Ukizoea ongeza kutembea, shuka kituo kimoja kabla ya kwako, na Jumapili asubuhi jiunge na jogging za mtaani, Dar zimejaa na wengi hawatakucheka, tembea tu nyuma yao hadi pumzi ije. Kukimbia kwa kilo 96 siku ya kwanza nakukataza, utaumiza magoti alafu utaacha kila kitu.

Sitapu 100 zitakupa misuli ya tumbo, lakini mwili hauchomi mafuta mahali unapopafanyia kazi, unachoma popote unapotaka wenyewe. Limao na tangawizi ni kinywaji kizuri, kikichukua nafasi ya soda kitakusaidia kwa sababu hiyo tu, hakiyeyushi mafuta. Na dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni usiziguse. Lengo lako liwe nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ukipunguza kilo tano tu, presha na sukari vinaanza kunufaika hata kama kitambi bado kipo.

SWALI: Assalaam aleykum. Niko Mombasa, mwanangu wa kiume ana miaka 13, hashikiki na simu, ni gemu ya Free Fire toka atoke madrasa hadi usiku, na hula hapohapo, bhajia, krisps, juisi. Ashakuwa mnene na wenzake wamcheka. Nimuweke dayati?

JIBU: Waaleykum salaam dadangu. Dayati hapana. Mtoto wa umri huu bado anarefuka, mara nyingi tunachotaka ni uzito usimame huku urefu ukiendelea, na ukimnyima chakula atakula kwa kujificha. Badilisha nyumba nzima, sio yeye peke yake. Chakula kiliwe pamoja na simu zote zikae mbali, ya baba pia. Juisi iwe ya siku maalum, kila siku iwe maji, na bhajia zisikae mezani ila siku moja moja. Umri wa miaka 5 hadi 17 unahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchezacheza mpaka aheme, mpira na wenzake, baiskeli, kuogelea maana mko karibu na bahari. Saa moja ya nje kwanza, simu baadaye.

Na tafadhali, hapo nyumbani asiitwe kibonge hata kwa utani wa mapenzi. Mtoto anayechekwa nje hukimbilia simu kwa sababu mle ndani hakuna anayemuona. Mpeleke kliniki apimwe urefu na uzito kwa chati ya umri wake, msikilize daktari kabla hujaamua lolote.

SWALI: Habari kocha. Mi ni msichana wa chuo Mwanza, nacheza PUBG kwenye simu. Sinenepi hata nile nini, ila shingo inauma na nikipanda kilima cha hosteli moyo unadunda balaa. Niko fiti au?

JIBU: Hapana mdogo wangu, wembamba sio ufiti, na moyo wako unakwambia hivyo. Hicho kilima ndo jimu yako, kipande taratibu kila siku. Simu iinue usawa wa macho, egemeza viwiko kwenye mto, na siku mbili kwa wiki fanya skwoti na planki. Kama hata baada ya wiki kadhaa moyo bado unadunda hivyo, pima damu, upungufu wa damu ni jambo la kawaida kwa wasichana.

Jambo moja nalisema kwa wote mnaokesha. Mwaka 2003 madaktari wa New Zealand waliandika kuhusu mwanaume wa miaka 32 aliyekuwa anakaa kwenye kompyuta hadi saa 18 kwa siku, damu ikaganda mguuni na donge likapanda mpaka kwenye mapafu. Ni nadra, lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye kigimbi na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kifua kikibana ghafla usisubiri hata kukuche.

SWALI: Niko Nakuru, nimenunua Ring Fit Adventure, ile gemu ya mazoezi ya Nintendo Switch. Yahesabika kama mazoezi?

JIBU: Yahesabika. Ilitoka mwaka 2019 na skwoti zake ni skwoti za kweli, ule mduara wa kushika unaokuja na gemu unausukuma na kuuvuta kwa mikono yako mwenyewe. Kipimo ni pumzi, uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Kama unakaa ghorofani na kuna majirani chini, ndani yake kuna sehemu ya kuchagua kucheza kimyakimya, inaondoa kule kukimbia papohapo na kuweka kukunja magoti, na kwa mwenye uzito mkubwa mi ningeanza na hiyo.