Maswali na majibu: Panzi wawili na kunguru wa Swan

Wiki iliyopita niligusia, tena kwa mstari mmoja tu, uchaguzi mdogo wa Swan kule Australia, uliofanyika Oktoba 1918 Vita Kuu ya Kwanza ikiwa haijaisha, ambapo kiti cha mbunge aliyefariki kilichukuliwa kwa asilimia 34 tu ya kura. Mstari ule umeniponza. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Ndugu mwandishi, nchi iko vitani na mbunge amefariki. Kwa nini kiti kisiachwe wazi mpaka bunduki zinyamaze?

Kuna waliotafuta njia ya katikati. Uingereza, vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, vyama vikubwa viliwekeana mapatano: chama kilichokuwa na kiti ndicho kisimamishe mtu, vingine vikae pembeni. Hata hivyo Januari 1944 chama kichanga cha Common Wealth, ambacho hakikuwa kwenye mapatano hayo, kilijitosa Skipton na kuondoka na kiti.

Australia ya 1918 haikuwa na stahamala hiyo. Waziri Mkuu Billy Hughes alikuwa mtu wa Labor, chama cha wafanyakazi, akatengana nacho 1916 kwa kung'ang'ania vijana walazimishwe kwenda kupigana ng'ambo. Wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, 1916 na tena 1917, wakakataa mara zote mbili. Katika hali hiyo nani angemwachia mwenzake kiti?

Swan lilikuwa bunge la jimbo au la taifa? Neno "jimbo" mnatuchanganya nalo.

Una haki ya kulalamika. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja, Wakenya wanaliita eneo bunge. Ukija kwenye habari za Marekani au Australia, jimbo linakuwa nchi ndogo ndani ya nchi, yenye bunge lake. Swan lilikuwa eneo la uchaguzi la bunge la taifa, ndani ya jimbo la Western Australia. Mwenye kiti alikuwa Sir John Forrest, waziri kiongozi wa kwanza wa jimbo hilo, na mbunge wa Swan tangu bunge la taifa lilipoanza 1901. Alikuwa safarini kwenda London, mgonjwa wa saratani, akafia melini karibu na pwani ya Sierra Leone mwanzoni mwa Septemba 1918.

Mtu ameshindaje kwa asilimia 34? Hiyo si ndiyo kushindwa?

Inategemea unagombana na nani na unahesabu vipi. Tarehe 26 Oktoba Edwin Corboy wa Labor alipata asilimia 34.4. Basil Murray wa chama cha wakulima alipata 31.4, William Hedges wa chama cha Hughes akapata 29.6, mgombea binafsi akaokota zilizobaki. Wakulima wa ngano na watu wa Hughes wote hawakuitaka Labor. Ila kila upande uliona kiti cha marehemu ni urithi wake, wakagawana kura za nyumba moja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sheria ilisema anayeongoza ndiye mbunge, basi.

Baada ya hapo serikali haikusinzia. Ahadi ya kubadili utaratibu ilikuwa imeshatolewa tangu Mei, pale mgombea wa wakulima alipokubali kujitoa katika uchaguzi mdogo wa Flinders. Swan iliigeuza ahadi kuwa dharura, na Novemba sheria mpya ikapita: mpiga kura haweki alama moja, anaandika 1, 2, 3 mbele ya majina kwa kadiri anavyowapenda.

Chukua karatasi 100 tuhesabu pamoja. Corboy ana 34, Murray 31, Hedges 30, mgombea binafsi 5. Hakuna aliyevuka nusu, basi wa mwisho anatolewa na zile karatasi zake tano zinafunguliwa upya kuangalia namba 2. Tuseme mbili zinakwenda kwa Corboy, mbili kwa Murray, moja kwa Hedges. Sasa ni 36, 33, 31. Anatolewa Hedges. Kwenye karatasi zake 31, tuseme 25 zimempa Murray nafasi inayofuata na 6 zimempa Corboy. Murray 58, Corboy 42. Aliyeongoza tangu asubuhi anarudi nyumbani mikono mitupu.

Na haikuishia kwenye mfano. Wiki saba baada ya Swan, tarehe 14 Desemba, eneo jingine la uchaguzi, Corangamite, lilipiga kura kwa utaratibu huo mpya. James Scullin wa Labor aliongoza hesabu ya kwanza, na bado kiti kikaenda kwa William Gibson wa wakulima. (Scullin alikuja kuwa Waziri Mkuu 1929, kwa hiyo msimlilie sana.)

Kinachonichekesha mimi ni kwamba watu wa Western Australia walikuwa wakiandika namba hizo kwenye chaguzi za bunge la jimbo lao tangu 1907. Dawa ilikuwepo kabatini mwao miaka 11.

Nani hasa walipiga kura? Wanawake walikuwemo?

Walikuwemo, Western Australia iliwapa haki hiyo 1899. Wenyeji wa asili, Waaborijini, kwa sehemu kubwa walifungiwa nje, na mlango wa bunge la taifa haukufunguliwa kwao wote mpaka 1962. Kupiga kura kulikuwa hiari; kulazimishwa kulianza 1924.

Huyo Corboy alikuwa mzee wa siasa?

Mzee? Alikuwa na miaka 22, askari aliyerudi kutoka vitani. Hakuna mbunge wa taifa wa Australia aliyekuwa mdogo kuliko yeye hadi 2010, alipochaguliwa Wyatt Roy wa miaka 20. Uchaguzi mkuu wa 1919 ulimwondoa Corboy, kiti kikaenda kwa mgombea wa wakulima, John Prowse. Mwaka 1921 Corboy akaingia bunge la jimbo kupitia Yilgarn, akakaa huko hadi 1933.