“Mita 200 tu, kaka?”

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha kaniandikia. Kapata nafasi ya kusoma Toulouse, kusini mwa Ufaransa, anakuja Septemba, na swali lake la kwanza halikuwa chumba wala baridi. Kauliza baiskeli. “Kaka, nimeangalia ramani ya huko Gers, magharibi ya Toulouse, unakopendaga kwenda. Vilima vyenyewe mita 200 tu! Mimi mazoezi yangu ni Ngaramtoni. Si nitawaacha wazungu mbali?”

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti, mbele ya watu wanane waliovaa jezi za kubana, asubuhi moja ya Agosti 2024 nje ya kituo cha treni cha L'Isle-Jourdain.

Mnaonifuatilia mnajua mimi ni mtoto wa Marangu. Nimepanda kutoka Himo na Phoenix isiyo na gia, nyuma nimefunga gunia la mahindi, na nikifika nyumbani naambiwa niende kuchota maji. Nikajiaminisha kwamba hapa Ufaransa, ukiacha Alps na Pyrenees, hakuna mwinuko wa kunitoa jasho. Klabu niliyojiunga nayo ilikuwa imepanga kwenda mji wa Condom, karibu kilomita 100 kwa njia ndogo. Nikaona ni safari ya kupiga picha.

Sasa niwaeleze kitu ambacho mimi hakuna aliyenieleza. Mito ya Gers inaanzia juu kwenye uwanda wa Lannemezan, chini ya Pyrenees, halafu inatawanyika kuelekea kaskazini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Ukitoka mashariki kwenda magharibi unakutana nayo kwa zamu: Save, Gimone, Arrats, mto Gers wenyewe, Baïse. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi. Ukiufuata mto mmoja kwenda kaskazini, unatembea bondeni, raha mustarehe. Ukiikata mito, unapanda, unashuka, unavuka kadaraja kadogo, unapanda tena, na katikati ya hapo kuna vimto vingine visivyo hata na heshima ya kuandikwa kwenye ramani ya ukutani. L'Isle-Jourdain iko kwenye Save. Condom iko kwenye Baïse. Fanya hesabu mwenyewe.

Mimi sikufanya. Vilima vinne vya kwanza nilivipanda nimesimama juu ya pedali, natangulia, nageuka nyuma kuwasubiri wenzangu huku natabasamu. Pale Cologne, kijiji cha huku huku, si ile ya Ujerumani, kwenye soko la zamani lenye paa la mbao katikati ya uwanja, nilikuwa wa kwanza kufika na nilihakikisha kila mtu anajua. Nyuma kabisa alikuwepo mzee mmoja wa miaka kama 70, baiskeli ya chuma, mfuko wa turubai mbele. Nilimwonea huruma. Naandika hili kwa aibu.

Baada ya Gimone mapaja yakaanza kuuma. Mauvezin tukasimama dakika tano. Baada ya Arrats miguu ikawa si yangu.

Tatizo lilikuwa gia, ingawa siku ile nilidhani ni chakula. Baiskeli yangu niliyoinunua kwa mtu ilikuwa na meno 39 kwenye duara dogo la mbele, na nyuma duara kubwa kabisa lilikuwa na meno 25. Maana yake hata kwenye gia nyepesi kuliko zote, nikizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu na ushee. Kwenye mwinuko mmoja unavumilia. Kwenye mwinuko wa kumi na tano unakuwa unasukuma ukuta. Yule mzee alinipita hapo. Nilimtazama miguu, sikuwa na nguvu ya kutazama kingine. Ilikuwa inazunguka vile vile kama ilivyokuwa inazunguka saa mbili asubuhi, haraka haraka, laini, kama cherehani. Hakusimama juu ya pedali hata mara moja. Alishabadilisha gia kabla kilima hakijaanza. Akaniambia “bon courage,” yaani jikaze, akapotea kwenye kona.

Nikashuka, nikaanza kusukuma. Kushoto kwangu shamba la alizeti limekauka, vichwa vyote vimeinama. Mkulima mmoja juu ya trekta akanipungia mkono, akapiga kelele: “Allez Girmay!” Yaani twende, Girmay! Mwezi mmoja kabla ya hapo Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za mbio za baiskeli za Tour de France, ya mwisho pale Villeneuve-sur-Lot, kaskazini tu ya hapa, na kuchukua jezi ya kijani, ile ya mshindi wa pointi. Afrika nzima ilitembea kifua mbele. Na mimi, Mwafrika aliyekuwepo kwenye barabara ile, nasukuma baiskeli kama muuza ndizi aliyepata pancha. Sijui yule baba alinitania au alinipa moyo. Mpaka leo sijui.

Nilikaa juu ya jiwe la kilomita, yale mawe meupe yenye kofia ya njano, nikampigia mke wangu. Alikuja na gari la jirani baada ya saa moja na nusu. Hakusema neno, na ninyi mliooa mnajua uzito wa hilo. Jioni kwenye kundi la klabu mtu mmoja akaandika kwamba wapo pia wanaoanza, wanakutana Jumatano, na ninakaribishwa. Vikafuata vicheko kumi na viwili. Nilivihesabu. Jina la klabu silitaji, na msidhani ni kwa sababu nimesamehe.

Majira ya baridi nayaruka, hayana hadithi. Nilikuwa naenda na kurudi kando ya mfereji wa Canal du Midi, tambarare tupu, najifunza kuzungusha miguu haraka kwenye gia nyepesi. Fundi akanibadilishia: meno 34 mbele, 32 nyuma. Sasa pedali mara moja, gurudumu karibu mara moja. Niliona aibu kidogo kuziweka, zinaonekana gia za kizee. Basi, ndizo.

Jumamosi iliyopita nikarudi. Peke yangu. Treni ile ile, kituo kile kile. Ulikuwa unavuma autan, ule upepo wa joto wa kusini-mashariki unaowafanya watu wa Toulouse wagombane bila sababu, ila ukielekea magharibi unakusukuma mgongoni. Kilima cha kwanza nilikipanda polepole mpaka kuku wa nyumba moja akanisindikiza. Cologne sikuwa wa kwanza wala wa mwisho. Eneo lote la Lomagne lilinuka vitunguu saumu, ndiyo majira yake, vimening'inizwa ghalani vikauke. Alizeti safari hii zilikuwa zimefunguka, njano mpaka ukingoni mwa lami.

Nilipofika kwenye lile jiwe la kofia ya njano nilisimama. Nilikula ndizi yangu, nikaligonga jiwe kwa kiatu, nikaendelea. Fleurance, Lectoure juu ya kilima chake, La Romieu na wale paka wa mawe waliokaa madirishani, na saa kumi na moja jioni nikaiegemeza baiskeli kwenye sanamu za d'Artagnan na wenzake, wale askari wa riwaya ya Musketeers Watatu, mbele ya kanisa kuu la Condom. Saa yangu ilihesabu mita 1,300 za kupanda. Hizo ndizo “mita 200 tu” zako, mdogo wangu. Kutoka bondeni mpaka juu, kilima kimoja ni kama mita mia moja tu, ila vinakuja kwa mafungu, na mteremko unakwisha kabla moyo haujatulia.

Kwa hiyo ushauri. Weka gia nyepesi. Panda kilima cha kwanza polepole, kama vile ni cha mwisho na umeshachoka. Badilisha gia kabla ya mwinuko, si ukiwa katikati yake cheni inalia. Na narudia, weka gia nyepesi.

Maji: kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane vijiji vinafungwa, duka hakuna, mgahawa wenye watu ni mmoja kati ya vijiji vinne. Waendesha baiskeli wote hapa wanajua pa kwenda, ni makaburini. Karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba kwa ajili ya maua. Soma kibao kwanza, kikiandikwa “non potable” mwagia kichwani tu, usinywe. Sisi Wachagga tunazika kihambani, chini ya migomba, na bibi yangu angenisikia najaza chupa katikati ya makaburi ya watu nisiowajua angeitisha kikao cha ukoo. Mara ya kwanza nilisema samahani kwa Kichagga, kwa sauti. Siku hizi nasema kimoyomoyo.

Magari yasikuogopeshe sana. Sheria inataka dereva akupite kwa umbali wa mita moja na nusu nje ya mji, na huku vijijini wengi wanaifuata. Wasiwasi wangu mimi uko kwa vijana wenyewe. Tunakuja Ulaya na kifua cha nyumbani, tunadhani kwa kuwa tulisoma kwa kibatari na kupanda milima bila viatu basi kila kitu huku ni chepesi. Shida ulizopita si mazoezi. Mlima wa Himo unaujua mguu wako wa miaka kumi na sita, hauujui huu wa leo unaoshinda chini ya meza ya ofisi. Jamani, tuulize wazee. Yule mzee wa baiskeli ya chuma angenieleza yote kwa dakika tano pale Cologne kama ningempa kiti badala ya huruma. Ndiyo, najua nahubiri. Nimeipata mimbari kwa jasho langu.

Tyubu njoo nazo mbili, pampu nitakuazima. Tutaanzia kwenye mfereji. Kama huwezi kusubiri na unataka kuikata mito siku ya kwanza, treni ya L'Isle-Jourdain unaijua sasa. Mimi nitakwenda nayo mpaka Auch, nishuke, niufuate mto Gers bondeni kilomita 25. Utanikuta Fleurance, chini ya paa la soko, nakunywa kahawa.