Jibu: Divisheni ya 41 ya Ufilipino, Bataan 1942

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Divisheni ya 41 ya Ufilipino ilikimbia tu kule Bataan 1942 (ile rasi ya Ufilipino walikopigana na Wajapani), aisee hao jamaa wahukumu taratibu. Kamanda wao alikuwa Jenerali Vicente Lim, Mfilipino wa kwanza kumaliza West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani (1914), ila askari wengi walikuwa vijana walioitwa jeshini miezi michache tu kabla ya vita, kofia zao za kilifu cha mnazi, bunduki Enfield za vita ya kwanza, yani kile kidude cha kutoa ganda la risasi kikivunjika ndo basi tena. Na bado Januari pale Abucay, hukohuko Bataan, walisimama, divisheni ya 51 pembeni yao ndo iliachia. Sasa kufika Aprili washakaa miezi mitatu kwa nusu posho, malaria imewamaliza, halafu tarehe 3, Ijumaa Kuu, Wajapani wakawamiminia mizinga na mabomu ya ndege pale Mlima Samat mpaka msitu ukawaka moto, nani angebaki?? Tarehe 9 Bataan ikasalimu amri. Lim baadaye akawasaidia wapiganaji wa msituni, Wajapani wakamkamata 1944 wakamuua. Sura yake ipo kwenye noti ya peso 1000, ile ya karatasi, ya plastiki wameweka tai.