Kulala hemani juu mlimani: usipige kambi katikati ya nyasi

Uwanda wa nyasi ulioko juu mlimani humvuta sana mtu aliyechoka. Ni tambarare, ni laini, kijito kiko hapo hapo, na mwili ulioshinda ukipanda na mzigo unataka kutua palepale ulipofika. Ushauri mkubwa kuliko wote nitakaoutoa hapa ni kwamba usitue hapo. Vuka uwanda, ufike ukingoni, upande tena kidogo.

Sababu ni baridi. Jua likizama na mbingu ikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake haraka, na hewa iliyoigusa hupoa nayo. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huteremka kutoka kwenye miteremko yote inayouzunguka uwanda na kutuama chini kama maji bwawani. Ukilala mita 10 au 20 tu juu ya sehemu ya chini kabisa, unaweza kupata nafuu ya nyuzi joto kadhaa, na mara nyingi hizo ndizo zinazotenganisha umande na sakitu, yaani umande ulioganda. Tena ukitazama vizuri utaona miti imeuzunguka uwanda bila kuingia ndani. Baridi inayotuama na udongo uliolowa ni kati ya mambo yanayoizuia isimee pale.

Kwa hiyo tafuta kijukwaa kikavu ukingoni, kilichoinuka, karibu na kundi la miti ikiwa bado uko chini ya mpaka wa miti, yaani mwinuko ambao juu yake miti haioti tena. Matawi hupunguza joto linalopotelea angani, na hema lililo chini yake huamka na umande kidogo. Lakini inua kichwa kwanza uone kama kuna tawi lililokauka au mti uliokufa ukiwa umesimama. Hapo ondoka. Kagua pia mteremko ulio nyuma yako: mawe yenye kingo kali, yasiyoota kuvu wala nyasi, yaliyotapakaa chini yake ni dalili kwamba mengine bado yanaporomoka. Korongo kavu nalo liache, hata likiwa na mchanga mzuri wa kulalia, kwa sababu mvua ikinyesha mbali juu yako huenda usiisikie mpaka maji yakufikie.

Kaa angalau mita 60 kutoka kwenye maji, yaani hatua 80 hivi za mtu mzima. Hewa ya kando ya kijito ni baridi na yenye unyevu, wanyama huja kunywa usiku, na uchafu wako hautakiwi kuyafikia maji hayo. Nyasi zenye kijani kilichokolea kuliko zinazozizunguka huonyesha maji yaliyo chini yake. Bonyeza kwa kisigino. Maji yakitokeza, si mahali pa kulala. Na hata pakiwa pakavu, changarawe au udongo mtupu ni bora kuliko nyasi. Msimu wa kuota huko juu ni mfupi mno, na kipande kilichokanyagwa siku tatu mfululizo kinaweza kuchukua miaka kurudi kilivyokuwa. Huu si urembo wa maneno: mizizi ikifa, mvua hubeba udongo, na udongo huko juu ni tabaka jembamba tu.

Yote haya yanahitaji mwanga, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Fika saa mbili au tatu nzima kabla ya machweo. Kukadiria muda wa njia, kipimo cha William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, cha mwaka 1892 bado kinafaa: kwa hesabu za leo ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 inayopanda mita 1,200 ni saa 4. Ukiwa na mzigo wa siku kadhaa na hewa nyepesi, ongeza theluthi au hata nusu, kisha hesabu kurudi nyuma kutoka machweo ndipo ujue muda wa kuondoka.

Kabla ya kufungua hema, lala chini pale ulipopachagua. Mwili utakuambia kuhusu jiwe na mwinamo ambao jicho halikuuona. Kama ardhi imeinama kidogo, kichwa kiwe juu. Usilale kukingama mteremko, maana utakesha ukibingirika.

Kwa kawaida upepo wa mlimani hupanda bonde mchana na kuteremka usiku. Anayefika alasiri na kuupa mgongo upepo wa wakati huo huona mlango wake unapulizwa usiku wa manane. Panga hema kwa upepo wa usiku: upande mwembamba, ulio chini, uelekee juu ya bonde, na mlango utazame kwingine. Mawingu ya dhoruba yakionekana, basi upande huo mwembamba uelekee yanakotoka.

Kuhusu vigingi, udongo wa huko ni wa aina mbili, na zote mbili zina taabu zake. Kwanza kuna tabaka jembamba juu ya mawe. Kigingi kikigota, usikipige kwa nguvu, kwa kuwa vya alumini vyembamba hupinda mara moja. Kisogeze sentimita 5 na ujaribu tena. Pili kuna udongo mweusi, laini, uliojaa mizizi iliyooza. Huo hukubali kigingi bila ubishi na hukiachia vilevile. Hapo unahitaji vigingi virefu na vipana, au ufunge kamba kwenye fimbo, uilaze chini kukingamana na mvuto wa kamba, kisha uikandamize kwa mawe mazito. Popote pale, kichwa cha kigingi kiinamie mbali na hema, na kizame chote, ili kamba ivute usawa wa ardhi. Kikibaki nusu juu, kamba hukitingisha mpaka kinang'oka. Kitambaa cha nailoni hulegea kikilowa, hivyo kaza kamba zote tena kabla ya kulala. Ukiruka hatua hii, ganda la nje litalala juu ya lile la ndani na maji yatapenya mahali yanapogusana.

Maji yanayoonekana ndani ya hema asubuhi mara nyingi si mvua. Ni pumzi yenu iliyogusa kitambaa baridi. Watu hufunga kila tundu wakidhani wanatunza joto, halafu wanaamka na mifuko ya kulalia iliyolowa, na manyoya ya bata yakilowa hayapashi joto tena. Acha matundu wazi, la juu na la chini, ili hewa izunguke. Nguo zilizolowa zisianikwe ndani. Maji yakiwa yameganda ukutani, yafute kwa kitambaa kabla jua halijayayeyusha juu yenu.

Sasa baridi ya chini, ambayo naona haipewi uzito unaostahili. Mfuko wa kulalia hupasha kwa hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au nyuzi zake, na upande unaoulalia huwa umegandamizwa, hauna hewa. Kinachokukinga na ardhi ni godoro. Magodoro ya kambini huandikwa namba ya kizuizi cha joto, herufi R ikifuatwa na tarakimu. Kwa ardhi inayokaribia kuganda, tafuta 4 au zaidi. Namba hizi hujumlishwa: mkeka wa sponji wenye R 2 chini ya godoro la hewa lenye R 3 hukupa 5, na godoro likitoboka bado una kitu cha kulalia. Mimi nisingepanda na godoro la hewa peke yake.

Kwenye mfuko wenyewe huwa kuna viwango viwili vya nyuzi joto, cha kulala kwa raha na cha mwisho wa uvumilivu. Nunua kwa kufuata cha raha. Kukadiria baridi utakayoikuta, chukua joto la usiku la mji ulio karibu na mlima na utoe takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za tofauti ya mwinuko. Mji ulioko mita 1,000 ukiwa na nyuzi 15, kwenye mita 3,500 tarajia kama 1 chini ya sifuri, kisha ongeza tahadhari ya nyuzi 5 nyingine kwa usiku usio na wingu. Weka kando seti moja kavu ya nguo za kulalia, soksi zikiwemo, isiyovaliwa njiani kwa sababu yoyote. Pamba ikiloa jasho hukauka polepole na hunyonya joto la mwili. Sufu au polista ni salama zaidi. Chupa ngumu ya maji moto iliyofungwa barabara na kuvishwa soksi, ukiiweka katikati ya mapaja, hukaa na joto kwa muda mrefu.

Jiko nalo lina tabia yake huko juu. Gesi ya butani huacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, hivyo mtungi wa butani tupu hufa alfajiri ya baridi ingawa umejaa. Chagua wenye mchanganyiko wa isobutani na propani, na ulale nao ndani ya mfuko. Usiuzungushie kizuia-upepo pande zote, kwani ukipata joto kupita kiasi unaweza kulipuka. Na usipike ndani ya hema lililofungwa hata mvua ikinyesha vipi. Kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kuni ziache. Karibu na mpaka wa miti, mti mnene kama mkono unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wako, na jivu la moto mmoja huacha kovu kwenye nyasi kwa miaka.

Kwenye mita 3,000 maji huchemka karibu na nyuzi 90, kwa hiyo maharagwe makavu hayaivi hata ukimaliza gesi yote. Beba tambi nyembamba, oti, dengu zilizokobolewa au vyakula vilivyopikwa na kukaushwa. Kuua vijidudu, chemsha maji kwa dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3. Vidonge hufanya kazi polepole kwenye maji baridi. Vya klorini dioksidi huhitaji hadi saa 4 kuua baadhi ya vimelea vigumu. Kichujio cha mirija midogo kikiganda kikiwa na maji ndani hupasuka bila kuonekana, kwa hiyo nacho kilale nawe, pamoja na betri. Jioni jaza sufuria maji. Yakiganda usiku, utaiweka jikoni moja kwa moja, wakati chupa iliyoganda haikusaidii kitu. Chupa zenyewe zilale kichwa chini: barafu huanzia juu, na mdomo utabaki wazi.

Kuanzia mita 2,500 hivi, ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata yeyote, kijana mwenye mazoezi pia. Kinachohesabiwa zaidi ni mahali unapolala. Ukipita mita 3,000, usipandishe kambi zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne lala mahali pamoja mara mbili. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida maana yake ni kutopanda zaidi mpaka dalili ziishe. Mtu anayepepesuka akitembea mstari ulionyooka, anayechanganyikiwa, au anayehema akiwa amekaa tu, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiteremke peke yake. Pombe na dawa za usingizi hudhoofisha upumuaji wakati mwili unauhitaji zaidi, ziacheni chini.

Mvua za radi za milimani hupenda alasiri, hivyo matembezi ya vileleni yaishe kabla ya saa sita mchana. Kati ya umeme na ngurumo zikipita sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10. Hema si kinga. Ondokeni uwanda wazi na mti uliojitenga, teremkeni kwenye miti mifupi iliyolingana, mkae mbalimbali angalau mita 15 ili pigo moja lisiwaangushe wote. Mkishindwa kufika, kila mtu achuchumae juu ya mkeka wake, miguu imebanana, na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kila mmoja awe na filimbi yake shingoni: ishara ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, kisha rudia. Anayejibu hupuliza mara 3.

Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji kama hema lilivyo mbali, na karatasi hurudi nawe mfukoni. Chakula, sabuni na dawa ya meno vilale mbali na mnapolala, mita 60 au zaidi, vikiwa vimening'inizwa au kwenye chombo kigumu chenye kifuniko.

Kuondoka asubuhi, rudisha kila jiwe ulilolitumia kwenye kamba, upande wenye kuvu ukiwa juu, na uzisimamishe kwa mkono nyasi zilizolala. Hema likikunjwa likiwa na umande, litandaze juani njiani mnapopumzika, na likifika nyumbani lianike siku hiyo hiyo. Usiku mbili tatu ndani ya mfuko wake zinatosha kuanzisha ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye mshono kitambaa huanza kuvuja hapo.