Niongeze nini kwenye unga wa lishe?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, mume wangu anaendesha bodaboda. Tuna watoto wawili, mkubwa miaka 3 na mdogo miezi 10. Natoka nyumbani saa 12 na robo asubuhi, nikirudi jioni nimechoka, na mchana kutwa watoto wako na bibi yao. Nilinunua unga wa lishe wenye vitu 12: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya, maharage, karanga, korosho, ufuta na dagaa. Mdogo anakunywa uji huo kikombe kizima asubuhi, mchana na usiku, na anaumaliza. Lakini kliniki mara mbili mfululizo uzito haujapanda. Jirani ananishauri niongeze mbegu za maboga na unga wa mlonge. Niongeze nini? Na kwa mtu asiye na muda kama mimi, nipike nini jioni ambacho watoto nao watakula?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa uchovu. Usiongeze kitu kwenye huo unga. Humo kuna vya kutoa, tena ni vingi.

Swali hili naulizwa kila siku ya kliniki, na mara nyingi mama anakuja na mfuko wenyewe kwenye mkoba. Ananitajia idadi kwanza: wangu una vitu 8, wangu una 12, kuna mwingine ulikuwa na 17. Idadi imekuwa ndiyo sifa ya unga. Kinachoniumiza ni kwamba mama huyo amejinyima ili anunue mfuko wa bei kubwa kuliko unga wa kawaida, na nyumbani ameacha mbaazi kwenye debe, nazi chini ya kitanda na papai limeiva uani.

Hebu tuhesabu vizuri hivyo vitu 12. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele na ngano ni nafaka sita, na kwa mwili wa mtoto hizo ni kundi moja. Umempa nafaka mara sita. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi, hilo ni kweli, basi wiki hii mpikie ulezi mtupu na wiki ijayo mahindi au mtama. Vyakula vinavyojenga mwili na kuongeza damu ndivyo vya bei, kwa hiyo ndivyo muuzaji anavyotia kwa kubana mkono. Mfuko wa kilo moja unaweza kuandikwa dagaa na korosho, na kwenye kikombe cha mtoto zikafika chembe.

Halafu kuna suala la kuiva. Uji wa nafaka tunauchemsha, ukitokota vizuri tunaepua. Maharage na soya haviivi hivyo. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisimeng'enye protini, na maharage yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Soya ya unga wa mtoto inatakiwa ichemshwe kama nusu saa, itolewe maganda, ianikwe ikauke kabisa, ndipo isagwe. Sasa mashineni nani amefanya hivyo? Wengi wanapepeta, wanamwaga vyote kwenye debe moja, wanasaga. Mtoto anajaa gesi, analia usiku, anaharisha. Hapo anatokea mtu wa kusema huyu ana chango, na dawa ya chango inaanza kuchemshwa kwa mtoto ambaye shida yake ni maharage mabichi. Nimeona watoto wamefikishwa zahanati wamelegea kwa maji ya mizizi waliyonyweshwa, na unga wenyewe bado uko jikoni, na jioni wanapikiwa uleule.

Karanga, korosho na ufuta vina mafuta. Ukivisaga na kuviweka kwenye mfuko kwa joto hili la kwetu, mafuta yanachacha baada ya siku si nyingi. Ukifungua mfuko ukasikia harufu ya ukakasi, unga huo umekwisha. Lakini baya zaidi halina harufu. Karanga na mahindi vikivunwa na unyevu au vikihifadhiwa vibaya hushikwa na ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hiyo huwezi kuiona unga ukishasagwa, na haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu, na wengine wengi waliugua ini. Karanga nzima unaweza kuichambua: iliyosinyaa, yenye rangi ya ajabu, iliyoota ukungu, unaitupa. Iliyosagwa pamoja na vitu vingine 11, utaichambua vipi?

Hata unga ungekuwa safi, mwanao bado asingeongezeka, kwa sababu ya hicho kikombe kizima anachomaliza. Mtoto wa miezi 10 anayenyonya anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Uji wa kunywa kwa kikombe, mara nyingi, ni vijiko viwili vya chakula vya unga kwenye maji mengi. Hapo una kama gramu 20 za unga, sawa na kilokalori 70. Tumbo lake ni dogo, umelijaza maji. Akinywa hivyo mara tatu anafika kama 210, analala ameshiba na mwili una njaa.

Na hapa lazima niulize jambo ambalo hukuliandika. Anakunywa kwa kikombe kweli, au kwa chupa yenye chuchu iliyokatwa tundu ili uji upite? Mabibi wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, mtoto anywe upesi na asijipake. Uji unaopita kwenye tundu la chuchu lazima uwe maji, na chupa hiyo ni ngumu kusafishika, ndiyo maana kuharisha hakukomi. Zungumza na bibi yao kwa adabu, usimlaumu. Mnunulie mtoto bakuli lake na kijiko chake kidogo. Bakuli liwe la peke yake, maana akichangia sahani na kaka yake wa miaka 3 hutajua kala kiasi gani.

Uji wa mtoto huyu unatakiwa uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, usitiririke ukikiinamisha. Pika wa nafaka moja. Ukikaribia kuiva tia korosho zilizotwangwa siku hiyohiyo, kijiko kimoja cha chakula, na tui la nazi kidogo. Sisi watu wa Mtwara na Lindi ndio tunaolima korosho, na bado nakuta mama anauza zote halafu ananunua mfuko wenye picha ya korosho. Nunua za vipande, ni bei nafuu, na kwa kutwanga hazina tofauti na nzima. Kijiko hicho kimoja kinaongeza kama kilokalori 50, kwa hiyo nusu kikombe cha uji wa namna hii kinakipita kikombe kizima cha uji mwepesi. Korosho au karanga nzima usimpe mdogo wala huyo mkubwa, zinapalia.

Uji ukiwa mzito mno na mtoto akikataa, usikimbilie maji. Tafuta kimea cha ulezi: ulezi ulioloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Uji ukishaiva, uepue upoe kidogo, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga, nao utalainika wenyewe huku unga wote ukiwa palepale. Kisha urudishe motoni utokote tena, maana kimea hakiliwi kibichi. Bibi zetu walikijua hiki zamani na hakikuhitaji mfuko wenye maandishi.

Sasa jioni yako. Mtoto wa miezi 10 hahitaji sufuria yake. Anahitaji chakula chenu kabla hakijatiwa pilipili na chumvi nyingi.

Chukua mbaazi. Alfajiri kabla hujatoka, osha vikombe viwili, loweka. Jioni mwaga maji yale, tia mengine, bandika, na wakati zinachemka mnyonyeshe mdogo na upumzike. Zikiiva, gawa mara mbili. Nusu moja iache bila nazi wala kitunguu, hiyo ni ya kesho mchana: kama hamna friji, ichemshe tena ulalapo na tena alfajiri, itokote hasa, na bibi ataiunga mwenyewe. Yenye nazi hailali kwa joto letu, itachacha. Nusu ya leo iunge kwa kitunguu, nyanya na tui, na dakika za mwisho tia mchicha uliokatwa mdogomdogo. Chota upawa wa mdogo, ponda kwa mgongo wa kijiko, changanya na wali au ugali laini. Kisha pilipili yenu.

Juu ya bakuli lake nyunyiza dagaa. Siku ya Jumamosi toa vichwa na mchanga, osha kwa maji ya moto, kausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Kijiko cha chai kwa mlo. Dagaa ukiwaweka peke yao utajua wamechacha lini, na utajua mtoto kala kiasi gani. Wakimletea vipele pia utajua ni wao. Kwenye unga wa vitu 12 hujui lolote.

Siku ambayo huna nguvu hata ya mbaazi, ponda viazi lishe vya kuchemsha na yai lililoiva. Samaki wa kuchemsha na ndizi ni hivyohivyo, ila miiba itafute kwa vidole, si kwa macho. Mchana bibi anaweza kurudia hayohayo. Katikati ya milo mpe papai, embe au parachichi la kuponda. Mdogo ale milo 3 mpaka 4 kwa siku, kila mlo nusu kikombe kwenda juu, na kitu kidogo katikati mara 1 au 2.

Huyo mkubwa hukumtaja sana, lakini nakisia asubuhi ni chai ya rangi na andazi. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma kwenye chakula, na watoto wetu wengi wana upungufu wa damu. Mpe uji uleule wa mdogo, au kiazi na yai, na maji ya ukwaju au ubuyu badala ya chai.

Mlonge ni mboga nzuri. Upike kama mboga. Ukigeuzwa kuwa unga wa kijani na kuuzwa kwa kijiko kama dawa, unakuwa biashara tu. Na hilo ndilo ninalotaka wasomaji wengine walisikie pia, maana mwalimu huyu si peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Kudumaa huko kumezaa soko. Kuna unga unaotangazwa kuongeza akili, mwingine kunenepesha mtoto ndani ya wiki mbili, hauna tarehe ya kusagwa, hauna alama ya Shirika la Viwango (TBS), una namba ya simu tu. Hakuna unga unaoongeza akili kwa wiki mbili. Anayekuahidi hivyo anakudanganya, hata kama amevaa koti jeupe kwenye picha.

Wabaya zaidi ni wanaouza dawa za hamu ya kula. Nyingine ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, na mtoto anayesinzia hali wala hachezi. Nyingine ni vidonge vya deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, vilivyosagwa. Hivyo vitamvimbisha uso na mashavu, jirani atasema mtoto kanawiri, kumbe kinga yake inashuka na urefu unasimama. Ukivikatiza ghafla baada ya kumzoesha, anaweza kuzidiwa vibaya. Kama kuna mzazi anayesoma hapa na ameshampa mtoto vidonge hivyo, asivitupe kimyakimya. Avichukue, ampeleke mtoto hospitali leo.

Wewe mwalimu, anza na bakuli na uji mzito kesho. Uzito kutopanda mara mbili mfululizo hauwezi kusubiri kwa kubadilisha chakula peke yake: anaweza kuwa na malaria, maambukizi ya mkojo, kifua kikuu, au upungufu wa damu. Wiki hii mrudishe kliniki na kadi yake, omba apimwe urefu na mzunguko wa mkono pia. Utepe ukisoma chini ya sentimita 12.5 anahitaji kuanzishiwa matibabu ya lishe, na chini ya 11.5, au miguu ikivimba, ni siku hiyohiyo bila kungoja mshahara. Mwombe bibi aende pamoja nanyi, kwa kuwa yeye ndiye anayemlisha mchana, na abebe kikombe anachokitumia ili mtoa huduma aone kinabeba kiasi gani.