Popo, maembe na magonjwa

SWALI: Mhariri hivi kukata misitu na magonjwa ya mlipuko vinahusiana vipi? Mi naona wanatutisha tu. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hawakutishi ndugu yangu. Cheki Malaysia 1998, miembe ilipandwa pembeni ya mabanda ya nguruwe, popo wakawa wanakuja kula, embe lililong'atwa linadondoka bandani na mate ya popo yenye virusi, nguruwe anamalizia, basi virusi hivyo, vinaitwa Nipah, vikaingia kwa nguruwe halafu kwa wafugaji. Watu zaidi ya 100 walikufa, nguruwe kama milioni 1 wakauawa. Na popo mwenyewe wala haumwi! Pori likiisha anafuata matunda yako, huku panya, nao wabeba magonjwa, ndo wanazidi maana wao popote kambi. Kuwaua popo sio dawa, wakivurugwa wanahama na virusi vyao.